Mageuzi Makubwa ya Historia ya Kisasa ya Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hapa yamekusanywa maswali ambayo wanafunzi, walimu na wasomaji wengine huuliza zaidi wanapoanza kuisoma historia ya Marekani ya miaka 150 iliyopita. Majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu matukio nayo hayalingani kwa uzito.

Tukio gani linastahili kuitwa la mageuzi?

Si kila tukio kubwa hugeuza historia. Kipimo kinachotumika hapa ni maswali mawili. Baada ya tukio hilo, je, mwananchi wa kawaida aliishi chini ya sheria nyingine? Na je, serikali ilipata madaraka ambayo jana yake haikuwa nayo, au ilinyang'anywa yale iliyokuwa nayo?

Kuuawa kwa Rais John F. Kennedy mjini Dallas tarehe 22 Novemba 1963 kuliiliza dunia. Lakini muswada wa haki za raia alikuwa ameshauomba Kongresi tangu Juni mwaka huo, na kazi ngumu ya kuupitisha ilifanywa na Lyndon Johnson aliyemrithi. Kifo kile kiliusukuma muswada, hakikuuandika. Ukitumia kipimo hiki, utaona siku nyingi zenye picha maarufu zinashuka, na siku ambazo karatasi fulani ilitiwa saini au hukumu fulani ilisomwa zinapanda.

Historia ya kisasa ya Marekani ianzie mwaka gani?

Wengi huanzia 1865, mwaka ambao vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha na utumwa ukapigwa marufuku. Mimi naanzia 1877, mwaka ambao ushindi ule ulitelekezwa.

Kati ya 1865 na 1870 Katiba iliongezewa marekebisho matatu: la 13 lilifuta utumwa, la 14 liliwapa uraia wote waliozaliwa nchini pamoja na ulinzi sawa wa sheria, na la 15 lilikataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake. Katika majimbo ya Kusini wanaume Weusi walipiga kura kwa wingi na kuchaguliwa. Mwaka 1870 Hiram Revels wa Mississippi akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuketi katika Seneti. Kisha uchaguzi wa 1876 ukazua mgogoro, na katika kuumaliza Rutherford Hayes akapata urais huku askari wa shirikisho wakiondolewa kwenye ulinzi wa serikali za Kusini. Wenye chuki hawakuwa na wa kuwazuia tena. Zikaja kodi za kupigia kura, mitihani ya kusoma iliyotungwa ili mtu afeli, na watu kunyongwa na makundi hadharani. Mwaka 1896, katika kesi ya Plessy, Mahakama ya Juu ikabariki utengano wa rangi.

Marekebisho yale matatu hayakufutwa hata herufi moja. Yalikaa ndani ya Katiba kizazi baada ya kizazi bila mtu wa kuyatekeleza Kusini. Anayesoma mambo ya 1954 au 1965 bila kujua hili hataelewa kwa nini watu walilazimika kufia haki ambayo tayari ilikuwa imeandikwa.

Je, kuporomoka kwa soko la hisa mwaka 1929 ndiko kulikoleta ule umaskini wa miaka ya 1930?

Kulichangia, lakini Wamarekani wengi wa wakati ule hawakuwa na hisa hata moja. Kilichowaangamiza ni benki. Hisa ziliporomoka mwishoni mwa Oktoba 1929, na kufikia katikati ya 1932 kipimo cha Dow Jones kilikuwa kimepoteza karibu asilimia 90 ya thamani yake. Maelfu ya benki zikafungwa, na kwa kuwa hapakuwa na bima ya amana, mkulima au fundi aliyeweka akiba yake ya miaka mingi alikuta mlango umefungwa na pesa zimekwenda. Benki kuu ya nchi iliacha mzunguko wa fedha usinyae, na mwaka 1930 Kongresi ikapandisha ushuru wa bidhaa za nje, biashara ya dunia ikazidi kudorora. Mwaka 1933 karibu mfanyakazi 1 kati ya 4 hakuwa na kazi.

Franklin Roosevelt aliapishwa tarehe 4 Machi 1933, na jambo lake la kwanza kubwa lilikuwa kuzifunga benki zote kwa siku kadhaa ili zikaguliwe. Tarehe 12 Machi akazungumza redioni, akieleza kwa lugha rahisi namna benki inavyofanya kazi na zipi zitafunguliwa. Benki zilipofunguliwa, watu walipanga foleni kurudisha fedha zao. Mwaka huohuo bima ya amana ikaanzishwa kisheria, na bado ipo hadi leo.

Na mpango wa Roosevelt wa kufufua uchumi, ulioitwa New Deal, ndio ulioumaliza mdororo huo?

Si wenyewe peke yake. Mwaka 1937 serikali ilipopunguza matumizi mapema mno, uchumi ulianguka tena, na ukosefu wa kazi uliisha kweli viwanda vilipoanza kutengeneza silaha na meli za vita. Mageuzi ya New Deal yako kwingine: serikali ya shirikisho ilikubali kwamba uzee na ukosefu wa kazi si aibu ya mtu binafsi, ni jambo la taifa. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya Agosti 1935 ndiyo nguzo yake.

Ila sheria hiyo iliwaacha nje vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa majumbani. Katika Kusini hao kwa sehemu kubwa walikuwa Weusi. Milango ikafunguliwa huku baadhi ya watu wakiachwa barazani, na tofauti ya mali inayoonekana leo kati ya familia za Weusi na za Weupe ina mizizi yake humo pia.

Wanawake walipata lini haki ya kupiga kura?

Agosti 1920, kwa marekebisho ya 19 ya Katiba, baada ya zaidi ya miaka 70 ya kampeni. Kura iliyokamilisha idadi ya majimbo ilitoka Tennessee, ambako mbunge kijana Harry Burn alibadili msimamo baada ya kupokea barua ya mama yake. Kwa wanawake Weusi wa Kusini, haki hiyo ilibaki kwenye karatasi hadi 1965.

Kwa nini Marekani ilichelewa kuingia Vita Vikuu vya Pili?

Wananchi walikuwa wamechoshwa na vita vya kwanza, na Kongresi ya miaka ya 1930 ilipitisha sheria za kutoegemea upande wowote. Hata hivyo, tangu Machi 1941 Marekani ilikuwa ikiwapa Waingereza silaha kwa mkopo na kwa azima, kwa hiyo haikuwa nje kabisa. Shambulio la Japani dhidi ya Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941, lililoua Wamarekani zaidi ya 2,400, lilimaliza ubishi kwa siku moja. Tangu hapo Marekani haikurudi tena kujifungia ndani.

Katika hofu hiyohiyo, Februari 1942 Roosevelt alitia saini amri iliyowezesha watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia waliozaliwa Marekani, kuondolewa makwao na kufungiwa kambini. Mwaka 1988 Kongresi iliomba radhi kisheria na kumlipa kila aliyekuwa bado hai dola 20,000. Wengi walikuwa wameshafariki.

Ni kweli urani ya bomu la Hiroshima ilitoka Congo?

Sehemu kubwa, ndiyo. Ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na mji wa leo wa Likasi, Katanga, katika mgodi wa kampuni ya Kibelgiji Union Minière. Madini yake yalikuwa na kiwango cha urani kisichopatikana kirahisi kwingineko duniani. Mkuu wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alihamishia tani zaidi ya 1,000 New York kabla jeshi la Marekani halijajua kwamba litazihitaji, na zilikuwa zimelala kwenye ghala la Staten Island maofisa walipokuja kuziulizia mwaka 1942.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu masimulizi ya mradi wa atomiki huwataja wanasayansi wa New Mexico na kuwasahau Wakongomani waliobeba mawe yale kwa mikono yao chini ya utawala wa kikoloni. Bomu la urani liliangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Siku tatu baadaye Nagasaki ikapigwa kwa bomu la plutoni, nayo plutoni hutengenezwa kutokana na urani. Je, mabomu ndiyo yaliyomaliza vita? Muungano wa Kisovieti ulitangaza vita dhidi ya Japani tarehe 8 Agosti, katikati ya mashambulio hayo mawili, na wanahistoria bado wanabishana ni pigo lipi lililoilazimisha Japani kusalimu amri.

Sputnik ilibadili nini?

Warusi waliporusha setilaiti hiyo Oktoba 1957, Wamarekani waliona wameachwa nyuma. Mwaka uliofuata walianzisha NASA, shirika lao la anga za juu, pamoja na shirika la utafiti wa kijeshi ambalo mtandao wake wa kompyuta wa 1969 ndio uliozaa intaneti. Mwaka huohuo wa 1958 sheria ya elimu ilimwaga fedha kwenye sayansi na lugha za kigeni, na fedha za sheria hiyo zilisaidia Kiswahili kuingia na kukua katika vyuo vikuu vya Marekani.

Rosa Parks alikataa kusimama kwenye basi kwa sababu alikuwa amechoka na kazi?

Hapana. Simulizi hiyo inamdhulumu. Rosa Parks alikuwa mwanaharakati mzoefu, katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, mjini Montgomery, Alabama, tangu miaka ya 1940. Alikuwa amechunguza kesi za wanawake Weusi waliobakwa na wanaume Weupe, na kiangazi cha 1955 alihudhuria mafunzo ya wanaharakati huko Tennessee. Alipokamatwa tarehe 1 Desemba 1955 kwa kukataa kumpisha abiria Mweupe kiti chake alijua vizuri alichokuwa akikifanya.

Wala hakuwa wa kwanza. Machi mwaka huohuo Claudette Colvin, msichana wa miaka 15, alikamatwa kwa kosa hilohilo katika mji huohuo. Viongozi walisita kuijenga kampeni juu ya mtoto wa shule. Lakini kesi iliyokuja kuuvunja kabisa utengano kwenye mabasi ya Montgomery, kesi ya Browder, ilikuwa na jina la Colvin miongoni mwa walalamikaji, na jina la Parks halikuwemo.

Usiku wa siku aliyokamatwa Parks, mwalimu wa chuo Jo Ann Robinson na wenzake wa baraza la kisiasa la wanawake walichapisha maelfu ya vipeperushi na kuvisambaza mjini kabla serikali ya mji haijang'amua. Mgomo wa kutopanda mabasi ukaanza tarehe 5 Desemba. Ulidumu siku 381. Watumishi wa ndani walitembea kwa miguu asubuhi na jioni, wenye magari wakapanga njia na vituo vya kuwabeba wenzao, makanisa yakachanga mafuta. Mchungaji Martin Luther King Jr., mwenye miaka 26 na mgeni wa juzijuzi mjini, aliteuliwa kuwa msemaji. Nyumba yake ilitupiwa bomu, na mgomo haukuvunjika.

Hukumu ya Brown ya tarehe 17 Mei 1954, iliyopiga marufuku utengano katika shule za serikali, ilikuwa imeshafungua njia kisheria. Montgomery ilionyesha kwamba hukumu hutembea pale tu watu wanapokuwa tayari kutembea nayo.

Kwa nini wengine husema 1965 ndio mwaka muhimu kuliko yote?

Nami ni mmoja wao. Katika mwaka huo mmoja Marekani ilibadili mambo mawili ya msingi: nani anaruhusiwa kupiga kura, na nani anaruhusiwa kuingia nchini.

Tuanze na kura. Sheria ya Haki za Raia ya Julai 1964 ilikuwa imepiga marufuku ubaguzi hotelini, madukani na kazini, lakini daftari la wapiga kura la Kusini lilibaki mikononi mwa makarani walewale. Mtu Mweusi alikuja kujiandikisha, karani akamchagulia kifungu cha katiba ya jimbo akieleze, kisha karani huyohuyo akaamua kama ameeleza vizuri. Profesa angeweza kufeli. Aliyethubutu tu kujaribu angeweza kufukuzwa kazi. Fannie Lou Hamer, mchumaji pamba wa Mississippi, alikwenda kujiandikisha mwaka 1962 na siku hiyohiyo akafukuzwa kwenye shamba alilofanyia kazi miaka 18. Mwaka uliofuata alipigwa vibaya akiwa mahabusu hadi figo zake zikaharibika. Alisimulia hayo hadharani mbele ya kamera Agosti 1964, na taifa lilimsikia.

Tarehe 7 Machi 1965, waandamanaji wapatao 600 waliondoka Selma, Alabama, kuelekea Montgomery kudai kura. Kwenye daraja la Edmund Pettus polisi wa jimbo waliwavamia kwa virungu, mabomu ya machozi na farasi. John Lewis, kijana wa miaka 25 aliyekuwa mstari wa mbele, alipasuliwa fuvu. Picha zikaonyeshwa usiku uleule kwenye televisheni za mamilioni ya nyumba. Wiki moja baadaye Johnson alisimama mbele ya Kongresi kuomba sheria ya kura, na tarehe 6 Agosti akaitia saini.

Uzito wa sheria hiyo uko kwenye namna ilivyofanya kazi. Ilisimamisha mitihani ya kusoma katika maeneo husika. Iliruhusu maofisa wa shirikisho kwenda kuandikisha watu wenyewe. Na kifungu chake cha 5 kiliyalazimisha maeneo yenye rekodi ya ubaguzi kuomba kibali Washington kabla ya kubadili kanuni yoyote ya uchaguzi. Mzigo wa kuthibitisha ukahama: mnyonge hakuhitaji tena kukimbilia mahakamani baada ya kudhulumiwa, aliyekusudia kubadili kanuni ndiye aliyepaswa kujieleza kwanza. Katika Mississippi, Weusi waliojiandikisha walikuwa chini ya asilimia 7 ya wanaostahili kabla ya sheria. Miaka miwili baadaye walikaribia asilimia 60. Ndiyo maana wapo wanaosema Marekani ikawa demokrasia kamili mwaka huo, si mwaka 1776, na hoja yao ni nzito.

Na hiyo sheria ya uhamiaji ya 1965 ilifanya nini?

Tangu 1924 Marekani ilikuwa na mgawo wa nafasi kwa kila taifa, uliopangwa kwa makusudi ili wahamiaji waendelee kutoka Ulaya ya kaskazini na magharibi. Waasia wengi walizuiwa kabisa, na bara zima la Afrika liliachiwa nafasi chache mno. Tarehe 3 Oktoba 1965, chini ya Sanamu ya Uhuru, New York, Johnson alisaini sheria ya kuufuta mgawo huo na kuweka vigezo vya undugu na ujuzi. Alisema mwenyewe kwamba si sheria ya kimapinduzi. Mwaka 1970 waliozaliwa nje walikuwa chini ya asilimia 5 ya wakazi wa Marekani, na miaka 50 baadaye walikaribia asilimia 14, wengi wao kutoka Amerika ya Kusini na Kati, Karibi, Asia na Afrika.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, mlango ulikuwa umeshaanza kufunguka kwa elimu. Mwaka 1959 Tom Mboya aliandaa ndege ya kwanza ya wanafunzi kutoka Nairobi kwenda vyuo vya Marekani, akisaidiwa na Wamarekani kama Jackie Robinson na Harry Belafonte, na mwaka uliofuata mfuko wa familia ya Kennedy ukachangia. Wangari Maathai alikwenda Kansas kwa mpango huo mwaka 1960. Lakini wale walikwenda kusoma na kurudi. Sheria ya 1965, ikifuatiwa na ile ya wakimbizi ya 1980 na ile ya 1990 iliyoanzisha bahati nasibu ya viza, ndizo zilizowezesha watu kuhamia kabisa. Bila hizo, familia ya Bukavu au Uvira iliyopitia kambi ya Nyarugusu isingekuwa leo ikizungumza Kiswahili sokoni Kentucky au Ohio. Tangu 2016 Wakongomani wamekuwa kundi kubwa zaidi la wakimbizi waliopokelewa Marekani katika miaka kadhaa. Januari 2025 mpango huo wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa kwa amri ya rais, na familia nyingi zilizokwisha kupata tarehe za safari zikabaki kambini.

Vita vya Vietnam viliacha nini ndani ya Marekani kwenyewe?

Viliacha kutoaminiana. Agosti 1964 Kongresi ilimpa Johnson ruhusa ya kutumia nguvu kwa sababu ya mashambulio mawili dhidi ya meli za Marekani katika Ghuba ya Tonkin. La pili halikutokea. Askari wakafika zaidi ya 500,000 kufikia 1968, na Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa. Wavietnam waliokufa walikuwa wengi mara nyingi zaidi. Mashambulio ya Tet ya mwaka 1968, yaliyofanywa na upande wa Vietnam ya Kaskazini, yaliwaonyesha watazamaji wa nyumbani kwamba ushindi waliokuwa wakiahidiwa haukuwa karibu.

Mwaka huo ulikuwa mchungu. Tarehe 31 Machi Johnson alitangaza hatagombea tena. Tarehe 4 Aprili King aliuawa Memphis, alikokwenda kuwaunga mkono wazoa taka waliogoma. Juni akauawa Robert Kennedy, mdogo wa rais yule aliyeuawa 1963.

Kisheria, vita hivyo viliondoa uandikishaji wa lazima jeshini (1973), vilishusha umri wa kupiga kura hadi miaka 18 (1971), na vilizaa sheria ya 1973 iliyokusudiwa kumzuia rais kuingia vitani peke yake. Hiyo ya mwisho marais wameikwepa mara nyingi.

Kuiachanisha dola na dhahabu mwaka 1971 kulikuwa na maana gani?

Tangu mkutano wa Bretton Woods wa 1944, serikali za nje ziliweza kubadilisha dola 35 kwa wakia moja ya dhahabu. Gharama za vita na uagizaji zilifanya dola zilizoko nje zizidi dhahabu iliyopo ghalani. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Richard Nixon alifunga dirisha hilo. Sarafu zikaanza kuelea, na mabenki kuu duniani yakaendelea kuweka akiba ya dola isiyo na dhahabu nyuma yake. Ni uamuzi wa jioni moja ambao bado unagusa bei ya mafuta na mikopo ya nchi maskini.

Watergate ilikuwa nini hasa?

Tarehe 17 Juni 1972 watu watano walikamatwa usiku ndani ya ofisi za chama cha Democratic, katika jengo la Watergate mjini Washington, wakiwa na vifaa vya kunasia sauti. Nixon hakuhitaji kosa lile, kwani alishinda uchaguzi wa mwaka huo katika majimbo 49 kati ya 50. Kilichomwangusha ni kuficha. Julai 1973 msaidizi wake wa zamani, Alexander Butterfield, aliieleza kamati ya Seneti kwamba mazungumzo ya ofisi ya rais yalikuwa yakirekodiwa. Nixon alikataa kutoa kanda. Tarehe 24 Julai 1974 Mahakama ya Juu, kwa kura 8 bila upinzani, wakiwemo majaji aliowateua yeye mwenyewe, ilimwamuru azitoe. Akajiuzulu tarehe 9 Agosti. Mwezi mmoja baadaye mrithi wake, Gerald Ford, alimsamehe kabla hata hajashtakiwa. Naamini msamaha ule ulikuwa kosa: uliacha bila jibu swali kama rais anaweza kuhukumiwa kama raia mwingine, na swali hilo limerudi katika kizazi chetu.

Ronald Reagan aligeuza nini?

Alishusha kodi ya juu kabisa ya mapato kutoka asilimia 70 hadi 28 kufikia 1988. Agosti 1981 aliwafukuza waongoza ndege zaidi ya 11,000 waliogoma, na waajiri binafsi wakajifunza kwamba mgomo unaweza kuvunjwa. Nguvu ya vyama vya wafanyakazi, iliyokuwa imeshaanza kupungua, haikurudi tena.

Je, 11 Septemba 2001 ndiyo siku ugaidi ulipoanza kuigeuza Marekani?

Kwa Mkenya au Mtanzania jibu linaanzia nyuma kidogo. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi, balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa karibu kwa wakati mmoja. Nairobi walikufa watu 213 na Dar es Salaam 11. Wamarekani kati yao walikuwa 12. Waliobaki wengi walikuwa watu wa kwetu: makarani, wapita njia, wanafunzi wa uhazili katika jengo la Ufundi lililoporomoka. Washington ilijibu kwa makombora Afghanistan na Sudan, kisha maisha ya Marekani yakaendelea kama kawaida. Kwetu wapo waliobaki bila macho hadi leo.

Mwaka 2001, watu 2,977 walipouawa New York, Washington na Pennsylvania, sheria ndipo zilipobadilika. Siku tatu tu baadaye Kongresi ilipitisha idhini fupi ya kutumia nguvu dhidi ya wahusika na waliowahifadhi. Katika Baraza la Wawakilishi kura zilikuwa 420 kwa 1. Yule mmoja alikuwa Barbara Lee wa California, aliyeonya kwamba idhini ile haikuwa na mipaka. Marais waliofuata waliitumia kuhalalisha operesheni katika nchi nyingi, Somalia ikiwemo. Oktoba ikaja sheria iliyopanua uchunguzi wa simu na kumbukumbu za raia, na Januari 2002 gereza la jeshi la Marekani la Guantánamo, Cuba, likapokea wafungwa wa kwanza. Mtanzania Ahmed Khalfan Ghailani ndiye mfungwa pekee wa gereza hilo aliyefikishwa mbele ya mahakama ya kiraia ya Marekani. Alihukumiwa kifungo cha maisha kwa shambulio la 1998.

Ushindi wa Barack Obama ulikuwa mageuzi au ishara tu?

Kenya ilitangaza sikukuu ya taifa siku mbili baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Novemba 2008, na furaha ile ilikuwa ya haki. Kwa kipimo chetu, mageuzi makubwa ya kisheria ya kipindi chake ni sheria ya bima ya afya ya Machi 2010. Lakini urais wake ulianzia kwenye magofu ya benki. Benki ya Lehman Brothers ilifilisika Septemba 2008, serikali ikatenga dola bilioni 700 kuziokoa taasisi za fedha, na mamilioni ya familia zikapoteza nyumba. Hasira ya waliohisi kwamba mabenki yaliokolewa na wao wakaachwa ilizigeuza siasa za pande zote mbili.

Inawezekanaje mgombea apate kura nyingi zaidi na bado ashindwe?

Rais huchaguliwa na wajumbe 538 waliogawanywa kwa majimbo, na anayefikisha 270 ndiye mshindi. Mwaka 2000 George W. Bush alichukua Florida kwa kura 537 tu, baada ya Mahakama ya Juu kusimamisha kuhesabu upya. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura zaidi ya milioni 2.8 nchi nzima na akashindwa.

Haki iliyokwisha kupatikana inaweza kuondoka?

Inaweza, na imeshatokea zaidi ya mara moja. Baada ya 1877 iliondoka kwa vitisho. Siku hizi huondoka kwa hukumu. Tarehe 25 Juni 2013, katika kesi ya Shelby County, majaji 5 kwa 4 walibatilisha kanuni iliyoainisha maeneo ya kuomba kibali chini ya sheria ya 1965, na kifungu cha 5 kikakosa pa kushika. Siku hiyohiyo Texas ilitangaza kuanza kutumia sheria yake ya vitambulisho iliyokuwa imezuiwa. Tarehe 24 Juni 2022 Mahakama hiyohiyo ilifuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba iliyodumu tangu 1973. Msomaji anaweza kuwa na msimamo wowote juu ya utoaji mimba. La kuzingatia kihistoria ni kwamba haki iliyodumu karibu miaka 50 ilitegemea hukumu moja.

Tarehe 6 Januari 2021 iwekwe wapi katika orodha hii?

Umati wa wafuasi wa Trump, aliyekuwa ameshindwa uchaguzi wa 2020, ulivamia jengo la Kongresi kuzuia kuthibitishwa kwa ushindi wa Joe Biden. Kura zilithibitishwa usiku uleule, zaidi ya watu 1,500 walishtakiwa, na mwishoni mwa 2022 sheria ya kuhesabu kura za wajumbe ikaandikwa upya ili iwe wazi. Kisha Trump alichaguliwa tena Novemba 2024, na siku aliyoapishwa akawasamehe au kuwapunguzia adhabu karibu wote. Uvamizi ulishindwa siku ile. Msamaha ule ndio ninaouona mzito zaidi, kwa sababu unabadili hesabu ya mtu atakayefikiria kujaribu tena.

Nianze kusoma wapi?

Anza na maandiko yenyewe, maana mengi ni mafupi na yako bure mtandaoni katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa na Maktaba ya Kongresi za Marekani. Soma kifungu cha kwanza cha marekebisho ya 14, kisha hukumu ya Brown, kisha vifungu vya 2 na 5 vya sheria ya kura ya 1965, kwa mfuatano huo. Ukipata nafasi, sikiliza kanda za simu za Johnson akiwabembeleza na kuwabana maseneta. Mwalimu mwenye darasa la kidato cha nne anaweza kuanza na ushahidi wa Fannie Lou Hamer, ambao ni wa dakika chache na hauhitaji utangulizi mrefu.